Anza ukutani, kadi ya picha baadaye

Vijana wakinijia kuniuliza wanunue kadi gani ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za kwenye kioo, huwa nawarudishia swali: nyumbani kwenu umeme una ethi, ule waya wa kwenda ardhini? Wengine hucheka, wakidhani nakwepa. Mmoja aliniambia waziwazi, "Kaka, mimi nimekuuliza gemu, wewe waniletea habari za fundi umeme." Lakini hapa Unguja, ukitaka kompyuta ya gemu na dizaini ikae miaka, hesabu inaanzia kwenye soketi ya ukutani. Kadi ya picha ndiyo ya mwisho kufikiriwa.

Kazi yangu ni kuchora. Menyu za mikahawa, mabango, na zaidi picha za 3D za nyumba ambazo hazijajengwa: majumba ya kupangisha ya Paje na Jambiani ambayo mwenye kiwanja anataka kuwaonyesha wenye fedha kabla tofali halijalazwa. Usiku, kazi ikisha, napiga gemu la mpira, EA FC, na jamaa. Yote kwa kompyuta moja niliyoiunganisha mwenyewe mwaka 2019. Mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vyote), keisi (boksi la nje) na pawa saplai (kifaa cha kuipa mashine umeme) ni zilezile mpaka leo. Prosesa (chipu kuu ya hesabu), kadi ya picha, RAM (kumbukumbu ya muda) na diski zimebadilika, kila kimoja kwa wakati wake, na hakuna hata kimoja kilichobadilishwa kwa kuungua.

Umeme wetu unatoka bara. Unaingia baharini Ras Kiromoni, unatokea Ras Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa 1980, na ule mkubwa wa megawati 100 ulianza kazi 2013. Pemba nao wameungwa na Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo walitegemea majenereta. Waliokuwepo hawajasahau Unguja ilipozimika Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa skuli, na ninachokumbuka zaidi ni milio ya jenereta na bei ya barafu. Siku hizi mambo si hayo, ila umeme wa kukatika dakika mbili, ukarudi, ukakatika tena, bado tunao, na kwa kompyuta huo ndio wenye madhara. Kiza cha siku nzima hakiui mashine. Inayoua ni ile saa ya kurudi, mafriji na pampu za maji za mtaa mzima zinapoamka pamoja, volti zikapanda na kushuka, na wa kwanza kuzipokea ni pawa saplai yako.

Sasa hiyo ethi. Nyumba nyingi za zamani, Mji Mkongwe na Ng'ambo, zina soketi za matundu matatu lakini nyuma ya lile tundu la juu hamna kitu. Ukiwa peku ukagusa bati la keisi kwa mgongo wa mkono, unasikia linawasha, linatetema. Watu husema, "Inapiga shoti kidogo, si neno." Kinachotokea ni kwamba ndani ya pawa saplai, pale umeme unapoingia, mna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, na zimefungwa kuelekea waya wa ardhini. Waya huo usipofika ardhini, bati zima linabaki likielea kwenye nusu ya umeme wa ukutani, yaani kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida haumdhuru mtu. Ila ukachomeka kebo ya HDMI kutoka televisheni iliyofungwa kwenye dishi la juu ya paa, tofauti hiyo inapita kwenye tundu la kadi yako. Nimeiona kadi ya jamaa yangu mmoja wa Kikwajuni imekufa tundu la HDMI peke yake, yale mengine mazima, na mwenyewe akiapa kwamba hakuigusa.

Kwangu fundi alikuja na fimbo ya shaba. Kwetu chini ni jiwe tupu. Alipiga nyundo karibu na ukuta, fimbo ikagoma, akahama, ikagoma tena. Mwisho akaenda nyuma kwenye migomba, pale panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na hapo ikashuka mpaka mwisho. Penye unyevu ndipo umeme unapopata njia ya kwenda chini, kwa hivyo jiwe lilimlazimisha kufanya jambo la sawa. Gharama yake haikufikia bei ya zile feni tatu za taa za rangi zinazouzwa kwa pakiti.

Ukishamaliza ukuta, njoo kwenye pawa saplai. Hapa ndipo wauzaji wengi wanapotupiga, maana ni kitu kinachofichwa ndani na hakina sifa ya kujisifia barazani. Zile za bei ya chini nyuma yake zina swichi ndogo nyekundu, imeandikwa 230 upande mmoja na 115 upande wa pili. Umeme wetu ni volti 230. Mtoto akiisogeza swichi ile kwa ukucha, kwa mchezo tu, siku ya kuwashwa utasikia mlio na harufu itakayokaa chumbani mpaka kesho. Katika banda moja la gemu la Jang'ombe nilikuta mashine mbili zimekwenda kwa njia hiyo. Pawa saplai nzuri ya kisasa haina swichi hiyo kabisa. Inapokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila ya kuuliza, kwa hivyo hata jioni mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na volti zimeshuka, yenyewe inaendelea.

Usiamini namba kubwa iliyochapishwa ubavuni. Soma ile karatasi yenye jedwali, tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya picha zote zinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Nimeshika mkononi pawa saplai iliyoandikwa wati 600 na mstari wake wa 12 una ampea 20. Ishirini mara kumi na mbili ni 240. Hizo 360 nyingine muulize aliyechapa karatasi. Na ipime kwa mkono pia: iliyo nyepesi kama boksi tupu imepunguzwa shaba na kapasita. Mimi nilichukua ya wati 650 yenye daraja la dhahabu la 80 PLUS, ikanila fedha kuliko prosesa, na jamaa wakanicheka. Daraja hilo linapima ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, halipimi ubora wote, lakini kiwandani mtu anayehangaika kulipata mara nyingi huwa ametia na kapasita za kuhimili nyuzi 105. Katika chumba chenye nyuzi 32 za kaskazi, hilo ndilo lenye maana.

UPS, lile boksi la betri linaloshika kompyuta umeme ukikatika, ni ndugu yake. Hapa kuna mtego ambao huku kwetu hauzungumzwi vya kutosha: UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa ngazi ngazi, si wimbi laini kama la ukutani, na baadhi ya pawa saplai nzuri hazivumilii umeme wa aina hiyo. Unakatika umeme, UPS inalia, na kompyuta inazima vilevile. Mtu anadhani UPS mbovu, analalamika dukani, anapewa nyingine ya aina ileile. Ulizia inayotoa wimbi kamili. Halafu VA, ile namba inayoandikwa kwenye UPS, si wati. Ya VA 650 mara nyingi haifiki wati 400. Betri za ndani ni za risasi na joto haziliwezi, kwa hivyo usiiweke UPS mvunguni mwa meza penye mgongo wa kompyuta panapotoka hewa ya moto. Betri ikichoka hubadilishwa peke yake, UPS nzima huna haja ya kuitupa.

Tena kuna umeme wa Tukuza, wa kulipia kabla. Mita haijui kwamba umebakisha robo saa picha ya bwawa la kuogelea imalizike. Unit zikiisha zimeisha, hata kama jirani kote kunawaka. Mimi kabla ya kuacha mashine inarenda usiku, yaani inapiga hesabu za kutengeneza picha ya 3D, naangalia mita kwanza, ndipo nabonyeza.

Adui wa pili hapa ni hewa yenyewe. Kuna nyumba moja ya wageni pwani ya mashariki waliniita niwatazamie kompyuta yao ya mapokezi. Meza iko hatua chache kutoka mchangani, mlango wazi kutwa, upepo wa bahari unaingia kama mwenyeji. Skrubu za keisi zilikuwa za kahawia, kichwa kimoja kilivunjika kwenye bisibisi. Miguu ya RAM, ile ya rangi ya dhahabu, ilikuwa mizuri, lakini nyaya za shaba za feni na matundu ya USB yalishaota ukijani. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unapitisha umeme kusikotakiwa, na kutu inaendelea hata mashine ikiwa imezimwa. Bora hata iwe inawaka, joto lake linafukuza umande. Kompyuta inayolala imezimwa wiki nzima za masika ndiyo inayoanza visa.

Na wanyama. Mjusi kafiri anapenda pawa saplai kuliko mahali popote: kuna joto, kuna giza, na matundu ya nyuma yanamtosha. Katika banda lilelile la Jang'ombe, fundi aliifungua pawa saplai iliyokufa (usiifungue mwenyewe, kapasita yake kubwa huweka umeme hata baada ya kuchomolewa), tukamkuta amekauka kabisa, ngozi imekuwa karatasi, mguu mmoja juu ya bati la kupoozea na mkia kwenye miguu ya kijidude cha pembeni. Aliunganisha visivyounganishwa. Sisimizi nao huja kwa makundi kama mnakula mezani, na hilo nawaambia wenye mabanda kila siku: chipsi na soda nje.

Kwa hivyo keisi naichagua kwa macho ya mtu wa pwani. Mbele iwe na wavu, si kioo. Wavu wa kuchuja vumbi uwe wa kuchomoa na kuosha bombani. Feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa iingie kupitia wavu na kusukuma kutoka kwenye mianya mingine yote. Ukifanya kinyume, mashine inanyonya vumbi kupitia kila ufa. Nafasi zisizotumika nyuma zizibwe na vibati vyake. Zile keisi za kioo pande zote na taa zinazobadilika ni nzuri kwa kupigia picha, zinawaka kama ukumbi wa harusi, na ndani zinajipika.

Kupooza prosesa nimebaki na feni na bati. Mifumo ya maji ina pampu, pampu ina mwisho, na maji yenyewe hupungua taratibu kupitia mipira. Feni ikifa unaifunga nyingine kutoka duka lolote la Darajani jioni hiyohiyo. Pampu ikifa unasubiri mtu anayepanda boti.

Nije kwenye mazabodi, maana hapa ndipo umri wa mashine unapoamuliwa kabla hujaitoa dukani. Swali si ina kasi gani, ni soketi yake, lile tundu la prosesa, itapokea prosesa za miaka mingapi mbele. Soketi ya AM4 ya AMD ilitoka 2016, prosesa za Ryzen zikaanza 2017, na mpaka 2024 bado kampuni ilikuwa ikitoa mpya za kuingia humo. Mimi nilianza na Ryzen 5 3600, yenye njia 12 za kufanya kazi kwa pamoja, ikanitosha miaka. Kazi za 3D zilipokua nikatafuta Ryzen 9 5900X ya mkono wa pili, ikaingia kwenye mazabodi ileile ya B450. Siku hiyo RAM ilibaki ileile, keisi ileile. Jirani yangu mwenye mashine ya Intel ya wakati ule alipotaka kupanda ilimbidi abadili mazabodi kwanza.

Ila kabla ya kubadili prosesa lazima usasishe BIOS, programu ya kuiwasha kompyuta iliyomo kwenye mazabodi, na zoezi hilo huchukua dakika chache ambazo umeme hauruhusiwi kukatika. Ukikatika katikati, mazabodi inaweza kubaki pambo. Hapo niliipenda UPS kuliko kitu chochote chumbani. Ukinunua mpya leo, tafuta yenye kitufe cha nyuma cha kuirejesha BIOS kwa flashi. Ni bima ndogo yenye thamani kubwa kwa nchi ya umeme kama wetu. Na leo ningechukua AM5, ambayo ilitoka 2022 na AMD imesema itaihudumia mpaka 2027 na kuendelea.

Wengi hawanunui vipya, nawaelewa. Kuna kompyuta za maofisini zinazoletwa za mkono wa pili, Dell na HP, ngumu kweli kwa kazi za uandishi. Mtu anaiona ina prosesa ya Intel i5, anaona bei, anasema nitatia kadi ya picha iwe ya gemu. Hapo ndipo anapokwama. Nyingi ya hizo pawa saplai yake ina umbo lake peke yake na plagi zake peke yake, haina waya wa kulisha kadi kubwa, na ya kawaida haiingii. Mazabodi nayo haihamii keisi nyingine kwa urahisi. Halafu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Kwa hivyo ukiletewa i5 ya kizazi cha sita kwa bei ya kutamanisha, jua kwa nini Ulaya wameiachia.

Kadi ya picha sasa, maana najua wapo waliorukia hapa. Kwa gemu peke yake kasi inatosha kuwa kipimo. Kwa anayechora, tazama kwanza kumbukumbu ya ndani ya kadi. Mimi nyumba zangu zina mapaa ya makuti. Kuti moja lina majani mengi, paa lina makuti maelfu, na mteja anataka minazi kumi nyuma na mchanga unaoonekana punje. Yote hayo yanatakiwa yaingie kwenye kumbukumbu ya kadi ili Blender, programu yangu ya 3D, irende vizuri. Kwa kadi za Nvidia, RTX 3060 Ti ina kasi kuliko RTX 3060, hilo halina ubishi, lakini ile ya Ti ina GB 8 na hii ya kawaida ninayoisema ina GB 12. Nilichukua ya 12. Kwenye gemu napoteza fremu kadhaa ambazo jicho langu halizioni. Kwenye paa la makuti, mwenzangu mwenye ya GB 8 kazi inamkatikia na ujumbe kwamba kumbukumbu imejaa, anaanza kufuta minazi. Kadi za AMD nazo ni nzuri na bei yake ya kirafiki, na Blender inazikubali, lakini programu nyingi za fani yetu zimezoea CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi, na siku ya mwisho ya kazi si siku ya kufanya majaribio.

Kadi za mkono wa pili usiziogope zote. Baada ya Ethereum, sarafu ya kidijitali, kuacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, soko lilijaa zilizochoka. Kuchimba hakukuziua chipu. Kulichosha feni na kukausha ile dawa ya kupitisha joto. Muombe muuzaji aiwashe mbele yako, icheze gemu zito nusu saa, sikiliza feni, tazama nyuzi joto. Akikataa, umeshapata jibu.

Diski nisiipigie kelele: SSD ya NVMe, ile diski ya kasi, kwa mfumo na kazi za wiki hii, na nakala ya kazi zilizokwisha kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Kwangu inakaa kwa mama. Kioo chukua cha IPS, aina inayoonyesha rangi vizuri, na usitazame ukubwa peke yake. Menyu ya samaki iliyopendeza kwenye kioo kibovu hutoka kwa mchapishaji samaki wa buluu.

Juzi mpwa wangu anayesoma usanifu majengo Dar aliniletea orodha yake. Kadi ya picha ilikuwa imekula nusu ya bajeti, na pawa saplai haikutajwa chapa, imeandikwa tu "wati 700". Tukaipanga upya. Mazabodi ya B650, Ryzen 5 7600 ambayo ina picha zake ndogo ndani na inatosha kwa SketchUp, programu ya kuchora majengo, ya mwaka wa kwanza, pawa saplai ya dhahabu, UPS, keisi ya wavu. Kadi mwakani.

"Mjomba, na gemu?"

Nikamwambia ataweza gemu jepesi. Akanuna, kisha akauliza la maana: RAM anunue vipi, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepaa, viwanda vimegeukia vituo vya data vya akili mnemba. Mimi nilitaka vipande viwili vya GB 16, maana picha za ndani ya prosesa hukopa RAM ya kawaida na viwili hupitisha data kwa njia mbili. Yeye akataka kimoja sasa na kingine bei ikishuka. Nilimpa hesabu: kwa kimoja, SketchUp itazunguka kwa kujivuta, lakini itazunguka. Mama yake, dada yangu, alikuwa anasikiliza kutoka jikoni akasema mtoto achukue kimoja, fedha inayobaki ilipie nauli ya boti ya Idi. Tumechukua kimoja, na tumeangalia namba ya kipande vizuri ili cha pili kiwe cha aina ileile.